Pointi za Goti

Majirani walipomuuliza mama yangu mtoto wake anaendaga wapi kila jumanne na ijumaa mchana, aliwajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka: "Anaenda ku sine." Aliamini hivyo kabisa. Mimi nilikuwa nimemwambia naenda ku kine, yaani kwa yule mama anayetibu viungo na misuli kwa mikono, lakini neno hilo lilikuwa bado halijafika mtaani kwetu Nyakasanza. Sine tulikuwa nazo, vibanda vya turubai vyenye televisheni na jenereta, watu wamebanana ndani wakitazama watu wakirushana mateke. Basi mama akasikia kile alichokijua.

"Batu banalala inje, banakula mara moja, na weye uko unaangalia bafilme," aliniambia siku moja huku akichambua maharagwe. "Ata haya hausikie?"

Haya nilikuwa naisikia, tena nyingi, ila si hiyo aliyoidhani. Nilimwacha na sine yake kwa sababu ukweli ulionekana mbaya zaidi: kwamba katika Bunia ile ya vita, kijana mzima mwenye miguu miwili alikuwa analala juu ya mkeka akikandwa goti, ili apone na ashinde mbio za baiskeli.

Kazi yangu ilikuwa samaki. Tulikuwa tunashuka Kasenyi, kando ya ziwa, na kinga tupu, kinga ndiyo baiskeli kwetu, tunafunga mizigo ya samaki wa chumvi nyuma, halafu tunaupanda ule mlima wote tukisukuma, kifua juu ya usukani, mpaka kule juu njia inaponyooka na unaweza kupanda tena na kukanyaga. Wenzangu wakifika pale juu walikuwa wanakaa chini wanatukana mlima. Mimi nilikuwa napanda kinga papo hapo. Nilikuwa nakanyaga nimesimama, mzigo unanuka nyuma yangu, na masikioni nasikia watu wananipigia makofi pande mbili za njia. Nyumbani, juu ya kitanda changu, nilikuwa nimebandika picha ya wakimbiaji wa baiskeli niliyoikata katika gazeti la zamani la misioni. Wote walikuwa wameinama, wana mapaja kama vinu. Nilijua kila mmoja alivyokaa.

Kwa hiyo vijana wa parokia walipotangaza kwamba, vita ikitulia kidogo, watafanya mbio za kinga kuzunguka mji, na wa kwanza atapewa kinga yenye vitesi, yaani gia, nilimwambia kila mtu kwamba ile kinga ni yangu. Nilimwambia mpaka muuza mkaa. Wakati huo goti langu la kuume lilikuwa limeanza kuuma kwenye mlima, mbele, chini ya kile kifuniko cha goti, kama mtu ameniwekea jiwe dogo mle ndani.

Aliyeliona goti alikuwa mteja. Alikuwa mama mnene kidogo, mwenye mikono mifupi, ambaye alikuwa ananunua samaki kwangu na kuniambia wazi kama wameoza. Siku moja alinitazama ninavyoshuka kwenye kinga.

"Ile mugulu unaishushaka kama ya mbao," akasema. "Kuja kwangu misioni, jumanne."

Chumba chake kilikuwa nyuma ya zahanati, mahali walipokuwa wanaweka simenti. Vita ilipoanza kuleta watu waliokatwa na waliopigwa masasi ya bunduki, walitoa simenti, wakatandika mikeka. Watu walimwita Mama Kine. Alikuwa na sheria moja: mikono yake ni ya mtu mmoja tu kwa wakati. Wengine wangoje kwenye benchi au wafanye mazoezi waliyopewa, lakini akikushika wewe, amekushika wewe. Anakuuliza unalala ubavu gani, maji unachota wapi, ukila unakaa namna gani. Hakuna mtu aliyewahi kuniuliza mambo yangu madogo namna hiyo, na mimi badala ya kufurahi nikajikunja.

"Vua suruali, papa," akaniambia siku ya kwanza.

"Suruali?"

"Goti iko ndani ya suruali. Ao uliiacha ku nyumba?"

Nilibaki nimesimama. Ndani nilikuwa nimevaa kaptula aliyonishonea mama kwa mfuko wa unga wa msaada, na yale maandishi ya bluu yalikuwa yamekaa nyuma, sawasawa mahali pasipotakiwa. Tena nilikuwa nanuka samaki. Nilikuwa nimeoga mara mbili, lakini samaki wa chumvi haondoki kwa maji, anaingia mpaka katika kucha. Nikavua, nikageuka upesi, na kumbe huko nilikogeuzia maandishi kulikuwa na mtu.

Alikuwa muzee amelala kwenye mkeka wa pili, karibu na ukuta. Alisoma kaptula yangu polepole, kwa Kifaransa, akiifuata kwa kidole hewani.

"Champion," akasema, "banaandika hapa hauuzishwe. Basi utulie. Hakuna mutu atakununua."

Mama Kine akacheka, mimi pia nikacheka, kisha nikaona kwa nini alikuwa amelala. Mguu wake wa kuume ulikuwa unaishia juu ya mahali pa goti. Hakuwa na goti la kumuuma. Alikuwa mkulima wa Djugu, sasa anakaa kambini karibu na uwanja wa ndege, na kila siku yake ya kine alitoka kule na magongo mpaka misioni. Kwa namna tulivyotamka maneno, nilijua ametoka upande gani wa vita, naye alijua wangu. Hakuna aliyemuuliza mwenzake.

Mama Kine alinikanda kwanza polepole, kama mtu anayetafuta ufunguo ndani ya mfuko. Kisha akauliza:

"Maumivu iko ngapi sur dix, juu ya kumi? Zéro, haiume. Dix, hauwezi kuvumilia tena."

Mimi shule niliachia darasa la sita. Kule sur dix nilikuwa naijua vizuri. Mwalimu alikuwa anasoma pointi zetu mbele ya wote, na mwenye nyingi alikuwa amezistahili. Nikamwangalia muzee na mguu wake uliokatika. Nikawaza: kama kuna mwenye dix humu ndani, ni yeye. Mimi nikichukua sita, yeye atabaki na ngapi? Najua ni mawazo ya kijinga. Lakini ndivyo nilivyowaza, kana kwamba pointi zilishushwa kwenye lori la msaada na lazima ziwatoshe wote.

"Un," nikasema.

"Moja tu?"

"Moja, mama. Ata haifike."

Akabonyeza palepale penye jiwe. Jasho likanitoka mgongoni. Mimi nina uso wa kucheka, nilizaliwa nao, na watu wakiuona wanadhani mwenye uso hana shida. Nikamchekea. Naye akaniamini, kwa sababu kazi yake yote inasimama juu ya kile mgonjwa anachomwambia.

Kama ni un, akasema, basi mimi si mgonjwa, mimi ni mtu wa mashindano, na kine si ya wagonjwa tu. Alifurahi. Nadhani alikuwa amechoka na vidonda. Akaanza kunifundisha mguu kwa ajili ya mbio: kukaa hewani mgongo ukiwa ukutani, kupanda na kushuka ngazi ya zahanati na mfuko wa mchanga begani, kuruka kwa mguu mmoja. Kila mara aliuliza ngapi, na kila mara nilisema un. Muzee alikuwa analala pale akiinua kile kipande cha paja lake na kukishusha, na akiniona nimekaa hewani mapaja yanatetemeka alisema, "Kiti ya mu ukuta, champion, banakulipishaka?"

Halafu njia ya Kasenyi ikafungwa tena. Tulisikia milio mbali upande wa chini, wenzangu wawili wakarudi bila kinga, na samaki wakaisha sokoni. Mimi nilipata muda mwingi wa mazoezi. Ndipo goti likavimba.

Mama ndiye aliyeliona, jioni moja nilipokuwa nimekaa mlangoni.

"Goti hii imefanya nini?"

"Ni kazi, mama."

"Kazi gani? Njia imefungwa. Ao ni sine njo inavimbisha goti?"

Basi nikamweleza. Ni kine, si sine. Kuna mama pale misioni, anakushika mguu, anaukanda, anakuonyesha namna ya kuukunja na kuunyoosha. Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaanza kucheka, kwanza kwa pua, halafu kwa mwili mzima, mpaka akashika ukuta.

"Banakukanda? Kama mama muzazi?"

"Si vile, mama."

"Na mutoto iko wapi? Leta nimubebe."

Kwetu anayekandwa ni mwanamke aliyezaa. Anakandwa kwa maji ya moto na kitambaa, na mama yangu alikuwa amewakanda wengi mtaani. Haya ilinipanda mpaka masikioni. Lakini akiwa bado anacheka alikuwa ameshaweka sufuria juu ya moto. Kama ni kukanda, akasema, yeye hana haja ya kufundishwa na mtu wa misioni. Akanikanda lile goti lililovimba kwa maji ya moto na chumvi, kwa nguvu zote anazozijua, mimi nimeuma kola ya shati.

"Inauma?"

"Apana, mama."

Asubuhi lilikuwa limejaa kama papai.

Ijumaa hiyo nilifika misioni nikichechemea. Muzee alikuwa bado mikononi mwa Mama Kine, nikakaa kwenye benchi ya ndani nikafunika goti kwa kofia. Alikuwa ameshika pale mguu wake unapoishia, akamuuliza kwa sauti ileile aliyokuwa ananiuliza mimi:

"Leo ngapi, muzee?"

"Leo sept," akasema, yaani saba.

"Wapi?"

"Mu vidole. Ile kubwa, na ile inaifuata. Zimejikunja, mama, kama banazitia mu kiatu ya mutoto."

Nikatazama. Hapakuwa na vidole. Hapakuwa na wayo, wala kifundo, wala goti, palikuwa na mkeka tu. Mama Kine hakumwambia kwamba vidole hivyo vilibaki Djugu. Alishika mguu wa kushoto, ule uliopo, akaanza kukunjua vidole vyake kimoja kimoja, akamwambia afumbe macho na akunjue vya upande wa pili pamoja na hivi. Muzee akafumba macho. Uso wake ulikuwa unafanya kazi kama wa mtu anayefungua fundo la kamba.

"Sasa?"

"Cinq. Inashuka."

Alisema ile tano namna mtu anavyosema ni saa ngapi. Hakutazama kama nasikia, wala hakutafuta sauti ya kuhurumiwa. Vidole visivyokuwepo vilikuwa vinauma, akavisema, vikashughulikiwa.

Zamu yangu ikafika. Nikalala. Mama Kine akaondoa kofia juu ya goti.

"Ngapi leo, champion?"

Kinywa changu kilikuwa kimeshazoea. Hata sasa sielewi nilivyoweza, goti liko mbele ya macho yake, limejaa, linang'aa.

"Un," nikasema.

Muzee alikuwa anafunga kitambaa kwenye paja lake. Hakuinua kichwa.

"Na ile neuf ingine," akasema, "unaiwekea nani?"

Tisa zilizobaki. Nilitaka kucheka, kicheko kikakataa kutoka. Wote wawili walikuwa wananingoja. Nilikuwa nimelala pale na kaptula ya unga, na machozi yakaanza kwenda upande wa masikio, mahali ambapo huwezi kuyafuta bila watu kuona.

"Weye, muzee," nikasema. "Nilikuwaka nakuwekea weye."

Alinitazama sasa. Nilidhani atakasirika. Aliokota gongo lake, akaliegemeza ukutani vizuri zaidi, kama mtu anayetafuta kazi ya mikono.

"Miye niko na zangu," akasema. "Za kwako haziwezi kunienea."

Hapo ndipo nilisema huit, nane. Sauti ilitoka ndogo, Mama Kine akaniambia nirudie. Nikarudia.

"Tangu siku ya kwanza?"

"Siku ya kwanza ilikuwa six. Kisha ikapanda."

Aliketi juu ya kile kigoda chake. Mikono yake mifupi ilikuwa bado na mafuta, akaiweka juu ya magoti yake mwenyewe.

"Basi nilikuwaka nafundisha mugulu ya mutu mungine," akasema.

Hakunigombeza. Afadhali angenigombeza. Nje, kwenye benchi ndefu ya barazani, kulikuwa na watu wanaoingoja mikono hiyo, mwanamke mwenye bega lililogeuka, mtoto mmoja aliyepigwa sasi kwenye nyonga. Saa zangu zote zilikatwa kutoka katika saa zao, na nilizimwaga kwa sababu ya adabu. Nilikuwa nimeona haya kuwanyang'anya pointi, nikawanyang'anya mikono. Sijui kama hiyo haya imeniondoka. Nadhani hapana.

Jumanne iliyofuata aliniambia nilete kinga. Nikaiegemeza kwenye ukuta wa kiwanja, nikapanda, akasimama kando akitazama ninavyokunja mguu. Goti lilikuwa linapanda karibu na kifua.

"Kwa nini kiti iko chini hivi? Hii ni kinga ya mutoto."

"Ni vita, mama."

Nikamweleza. Watu wote wa samaki walishusha viti tangu masasi yaanze katika njia. Hakuna aliyetufundisha, kila mmoja aliona kwa mwenzake. Kiti kikiwa chini, miguu miwili inafika udongo, unatupa kinga na mzigo wake na kuingia katika majani bila kuanguka. Kiti kikiwa juu, unaanguka nacho. Kiti kile ndicho kilichokuwa kinaniumiza goti kila siku, na ndicho kilichoniingiza mzima katika majani, zaidi ya mara moja.

Mama Kine alikuwa ameshika spana. Hakuizungusha.

"Nikiipandisha, goti itapona," akasema. "Na mu njia, je?"

"Mu njia sijue, mama."

Muzee, aliyekuwa amekaa juani akingoja zamu yake, akavuta gongo lake karibu.  Mama Kine aliigeuza spana mkononi, akatazama lango.

"Hapa tuko mu kiwanja," akasema mwishowe. "Hapa hakuna mutu anakupiga masasi. Tutaipandisha hapa. Mu njia utaishusha. Na mu mbio hauende."

Nilikuwa nalijua hilo tangu niliposema huit. Lakini kulisikia likitoka kinywani mwake kulinikata miguu, na nikaona haya ya kukatwa miguu mbele ya muzee, kisha nikaona haya ya maneno hayo yenyewe nilivyoyawaza.

Vita ikatulia kidogo, na siku ya mbio nilikuwa juu ya mkeka. Chini ya goti kulikuwa na kitambaa kilichokunjwa, na kazi yangu ilikuwa kukibonyeza kwa nyuma ya goti, kuhesabu taratibu, kuachia. Ndiyo kazi yote. Mbio zilipita barabara ya nyuma ya misioni. Tulisikia filimbi, halafu watoto wakipiga kelele, halafu minyororo ya kinga, nyingi kwa pamoja, sauti kama mvua ya mawe madogo. Mama yangu alikuwa kule barabarani na majirani. Muuza mkaa pia. Nilikuwa nimewaambia wote.

"Banapita," muzee akasema. "Hautaki kuangalia?"

"Apana, muzee."

"Miye ningeenda. Lakini mama atanigombeza." Akaendelea kuinua paja lake.

Goti lilibonyeza kitambaa, na halikuuma. Nilibonyeza tena kwa woga, nikijiandaa. Halikuuma. Furaha ikanijia pale nilipolala, wakati mbio zangu zinapita nyuma ya ukuta na mtu wa pembeni yangu anafanyia kazi mguu usiokuwepo, na sikuwa na mahali pa kuificha.

Mama Kine alituita kiwanjani. Alikuwa amepandisha kiti mpaka alama aliyoichora kwa chaki. Akaniambia nipande, nikanyage polepole kuuzunguka mwembe wa misioni, nishuke. Nilipanda nikiwa nimeshika ukuta. Mguu ulinyooka kama ule wa watu wa picha yangu, goti likafunguka vizuri, lakini nilipouacha ukuta vidole vyangu vikatafuta udongo na visiupate. Kinga ikayumba. Nikashika ukuta tena.

"Ngapi?" Mama Kine akauliza.

Nilingoja nilisikilize goti kwanza.

"Trois, tatu tu. Lakini naogopa."

"Woga haiko mu ile pointi," akasema. "Kwa woga unaita mutu wa kukushikilia."

Alikuwa tayari anageukia mwanamke mwenye bega, mikono yake ilikuwa ya mwingine sasa. Pale kiwanjani nilibaki mimi na muzee, amesimama juu ya mguu wake mmoja, gongo moja kwapani, mkono mmoja mtupu. Sikujua kama mtu anaweza kumwomba mtu huyo kitu kama hicho. Uso ulinichemka.

"Muzee," nikasema, "unishikilie nyuma."